Programu Isiyo na Kosa Imefukuza Mteja Kariakoo

Leo programu yangu ya mauzo ya dukani, isiyo na kosa hata moja, imefukuza mteja.

Sitanii.

Niliipa sheria moja: isiuze kitu ambacho hakipo dukani. Kisha nikaikagua kwa mashine inayopitia kila kinachoweza kutokea, hatua kwa hatua. Ikajibu: salama. Nikavimba kichwa.

Asubuhi nikaiweka dukani kwa Mama Aneth, muuza vyombo wa Kariakoo.

Mteja wa kwanza akauliza, "Sufuria za shughuli zipo?"

"Zipo, kaa hapo mdogo wangu," Mama akamjibu.

Rafu ilikuwa tupu! Mama akatoka, akaingia duka la jirani, akarudi na sufuria mbili. Ndivyo wanavyoishi pale, leo kwako kesho kwangu.

Programu ikagoma kutoa risiti. BIDHAA HAIPO. Mara tatu. Na sufuria ziko mezani, zinang'aa.

Mteja akaondoka.

Mama hakunifokea (bora angefoka). Aliuliza tu, "Mwanangu, ulishawahi kukaa hapa hata siku moja?"

Sijawahi.

Nyie mnaoandika programu, yamewahi kuwakuta?

Maana mashine yangu ilikagua kila kinachoweza kutokea dukani, kasoro kile kinachotokea kila siku.