Baba Shamila, Toka Chini ya Mkwaju

Mtaani Ng'ambo, mjini Tabora, Batuli binti Adinani alikuwa mtu wa kuulizwa mvua. Akienda kununua dagaa, muuzaji humwuliza, "Leo nianike nisianike?" Akienda msibani, hajamaliza hata kutoa pole, ameshavutwa pembeni aseme kama turubai moja litatosha. Kila mara aliwaambia kwamba yeye si mtaalamu, utabiri una wenyewe. Yeye kazi yake ni kuusoma redioni, asubuhi na saa saba mchana.

Alianza na matangazo ya vifo. Alikuwa na sauti nzito, isiyo na haraka, na wazee walisema ukitangazwa na Batuli umezikwa kwa heshima. Alipopewa hali ya hewa aliisoma kwa utulivu uleule, hata upepo mkali ukasikika kama mgeni anayebisha hodi kwa adabu.

Aliyemtania ni mumewe, Majidi, muuza vitenge wa kuzunguka minadani kwa pikipiki.

"Mama Shamila, ile mvua yako ya jana imepotelea wapi?"

"Si yangu. Na nilisema baadhi ya maeneo."

"Baadhi ya maeneo! Hivyo hata mimi natabiri."

Batuli alikuwa amekubali moyoni kwamba mji mzima unamsikiliza isipokuwa mwanamume aliyemuoa. Hakukasirika. Alimpenda hivyohivyo, na ubishi wake.

Mwaka huo mvua za mwisho wa msimu ziligoma kuondoka. Aprili ilikuwa imeshaingia, wakulima wanataka jua, lakini kila alasiri mawingu meusi yanapanda na radi zinapasua anga. Kule Puge ng'ombe walikuwa wameuawa malishoni. Siku ya mnada wa Goweko, Majidi aliondoka alfajiri na mzigo wake, anga likiwa jeupe kabisa.

"Unaona?" alisema akiwasha pikipiki. "Mbingu imefuliwa."

Karibu na saa saba ikaingia tahadhari mpya redioni: mvua kubwa, radi na upepo mkali, wilaya ya Uyui, iliko Goweko, ikiwemo. Batuli akaisoma kimoyomoyo, akapiga simu ya Majidi. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Alijua mumewe amekaa wapi: chini ya mkwaju mkubwa pembeni mwa mnada. Kivuli kile Majidi alikionea fahari, maana alikipata kwa kuwahi kabla ya wenzake wote.

Akaingia studio. Akasoma Kigoma, akasoma Katavi, akafika Tabora. "Wananchi wanashauriwa kutojikinga chini ya miti mirefu…" Hapo akanyamaza. Upande wa pili wa kioo meneja wake, Zablon, aliinua kichwa.

"Baba Shamila," Batuli alisema, na sauti yake safari hii haikuwa tulivu hata kidogo. "Uko Goweko. Toka chini ya mkwaju. Acha hivyo vitenge, toka. Na usinibishie." Akavuta pumzi. "Huo ndio utabiri wa hali ya hewa."

Zablon alimsubiri mlangoni. Alikuwa kijana ambaye Batuli angeweza kumzaa.

"Shikamoo, Bi Batuli. Lakini redio si simu ya nyumbani."

"Marahaba, mwanangu. Ya nyumbani haipatikani."

Zablon akampisha apite.

Mvua ilimkuta Batuli njiani, akakimbilia barazani kwa Jigar, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Jigar alikuwa amesikia kila kitu. Akamtolea kigoda na kikombe cha chai ya tangawizi.

"Kaa, dada. Atarudi."

"Umejuaje?"

"Sijui. Lakini kaa."

Akakaa, chai ikapoa mikononi. Kila ngurumo ilipopita upande wa Goweko alifumba macho.

Majidi alitokea barabarani magharibi ikikaribia, tope mpaka kwenye nyusi. Batuli alimpiga kofi dogo la begani, kisha akamshika kanzu iliyolowa asiiachie.

"Umeniaibisha," Majidi alisema. "Mnada mzima umecheka. Akina mama wananiimbia, 'Baba Shamila unaitwa nyumbani!' Nikafungasha kwa aibu tu. Walipoona nafungasha na wao wakaanza, tukajibanza wote kwenye ghala la tumbaku." Akakaa kwenye ngazi ya duka. Sauti ikapungua. "Mke wangu, radi imeupasua ule mkwaju. Meza yangu niliiacha pale. Imebaki majivu."

Batuli alikaa karibu naye, akaanza kumpangusa tope usoni.

"Kule mnadani redio nani aliiwasha?" aliuliza baadaye.

"Mimi."

"Wewe?"

"Kila siku saa saba naifungulia sauti na kuwanyamazisha watu. Ulidhani namsikiliza nani?"

Jigar alijifanya anahesabu misumari.

Kuanzia kesho yake simu ya redio haikupumzika. Watu wa Goweko walishukuru, na wanawake wa kila kata wakataka waume zao nao watajwe. Zablon akasalimu amri: baada ya utabiri, Batuli apewe dakika chache za salamu kwa walio safarini, hadi mvua zikatike. Bertila wa Puge akaomba mumewe aambiwe asivushe ng'ombe mtoni, na pia arudishe ndoo ya jirani. Usiku Batuli alimsimulia Majidi, wakacheka; kesho yake hewani alisoma habari ya ng'ombe, ndoo akaiacha.

Punde Majidi akapiga simu kutoka mnada mwingine.

"Na ndoo je?" aliuliza. "Huku watu wanasubiri."