Timazi Niliyoipunguza Uzito

Tangu siku ile sipiti kwenye geti la kanisa letu bila kuinamisha kichwa, na watu hudhani ninaomba. Siombi. Ninaona haya.

Mimi ni mkulima wa kahawa hapa karibu na Kianjokoma, lakini majirani huniita Injinia kwa sababu husoma vitabu vya ufundi na kutengeneza vitu mwenyewe (shule niliachia darasa la nane, kwa hiyo jina hilo nusu ni heshima na nusu ni mzaha). Miaka kadhaa iliyopita nilimtengenezea jirani yangu Nyaga, fundi wa mawe, timazi, ile risasi yenye ncha inayoning'inizwa kwa uzi ili kujua kama ukuta umesimama wima. Niliyeyusha vile vipande vya risasi ambavyo watu wa gareji hubandika kwenye rimu za magari, nikamimina kwenye kalibu niliyoitengeneza kwa bomba la chuma lililopasuliwa vipande viwili. Nikamchongea na kibao chake, chenye upana uleule wa timazi na tundu la uzi katikati. Kibao unakigusisha jiwe la juu, timazi inashuka, na ikigusa jiwe la chini kidogo tu, kama busu, basi kazi iko sawa.

Nyaga alipopewa kazi ya kujenga nguzo mbili za geti la kanisa alifurahi sana, maana kamati ilimwambia wazi kwamba zikitoka vizuri, ukumbi mpya utakuwa wake, na ukumbi ni kazi ya mwaka mzima. Akapitia kwangu.

"Injinia, hii timazi yako ni nzito kama dhambi. Imenirarua mfuko wa koti tena."

Mke wangu, aliyekuwa anamenya viazi mlangoni, akasema, "Si ulete hilo koti nilishone?"

Nilicheka. (Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka.) Nikamwambia Nyaga aniachie, tatizo la uzito hutatuliwa kwenye uzito. Nikapaka udongo wa mfinyanzi ndani ya kalibu, safu nyembamba pande zote, nikauacha ukauke juani, kisha nikaupasha moto polepole, kwa sababu risasi ya moto ikikutana na unyevu hurukia uso wa mtu, na mimi ni mtu wa tahadhari. Ile ya kwanza nikaiweka kando, nikamimina risasi nyingine, na timazi iliyotoka ilikuwa nyembamba, yenye ncha nzuri kama ya penseli. Nikaipeleka dukani kupimwa kwenye mizani, nikakuta imepungua karibu nusu, nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Nyaga akaifunga kwenye uzi wake, wenye kibao chake kilekile, akaenda kazini.

Siku ya kufungua geti ilikuwa Jumapili yenye ukungu, kwaya imevaa sare mpya, wageni wametoka mpaka Embu mjini. Ireri, fundi wa kuchomelea, alikuwa amefika asubuhi na geti lake na kulichomelea kwenye vyuma vya nguzo ya kushoto. Utaratibu ulikuwa geti lifungwe, utepe ufungwe, mchungaji akate, tuingie tukiimba. Basi vijana wakasukuma geti, likaenda vizuri, likaenda, likafika nguzo ya pili na kugonga kwa juu, kwaa! Chini lilikuwa na nafasi ya kutosha. Juu halikuingia. Wakasukuma tena, kwaa! Kwaya ikaacha kuimba katikati ya ubeti.

"Ireri, umepima na macho?" mtu akauliza.

"Mimi nilipima na futi! Nguzo ndizo zinasalimiana!"

Na kweli, ukizitazama kutoka barabarani, zilikuwa zimeinamiana kama akina mama wawili wanaosengenya. Watu wakaanza. "Nyaga, ulijenga ukiwa na pombe ya muratina kichwani?" "Mbuzi wangu husimama wima kuliko hiyo!" Mwenyekiti wa kamati, Mama Wanjira, alimtazama tu Nyaga, na Nyaga, ambaye hanywi hata soda, akatazama viatu vyake. Niliuona ukumbi ukimtoka mikononi.

Hapo ndipo nilipoamua kumwokoa (hakuna aliyeniita). Nikachukua timazi kwake, nikapanda kiti cha plastiki na suti yangu, nikaining'iniza upande wa nje wa nguzo. Ikashuka, ikatulia, ikagusa jiwe la pili kutoka juu, vilevile Nyaga alivyokuwa akipima. Busu kamili.

"Mnaona?" nikapaza sauti. "Risasi haina siasa! Nguzo iko wima!"

Wengine wakamgeukia Ireri vibaya.

"Sawa, Mzee," Ireri akasema. "Sasa pima na huu upande wa geti."

Nikahamisha kiti. Nikashusha uzi wote mpaka jiwe la chini kabisa. Timazi ikaning'inia mbali na jiwe, paka angepita hapo katikati. Nikatazama chini, nikatazama juu, nikaona vidole vyangu vimeshika kibao ambacho ni kipana kuliko timazi yenyewe. Nilipunguza timazi, sikupunguza kibao. Nyaga alikuwa amepima kila jiwe na lile lililo chini yake, akiwa upande wa nje, kwa uaminifu wote, na kila jiwe likasogea ndani kidogo kuifuata risasi yangu.

Mguu wa kiti ukazama kwenye tope. Nikakumbatia nguzo nisianguke, nikiwa nimeinama vilevile ilivyoinama.

"Mama Wanjira," nikasema nikiwa pale pale, "fundi hana kosa. Timazi ni yangu."

"Tumeona, Injinia," akajibu. "Shuka kwanza."

Mchungaji alikata utepe uliofungwa kwenye geti lililo wazi. Jumatatu tukabomoa, mimi nikibeba mawe na kukoroga simiti, Nyaga akinituma bila huruma: "Injinia, maji! Injinia, si hayo!" Nguzo za pili zilisimama, na Mama Wanjira akampa ukumbi kwa sharti moja, kwamba mimi nisikanyage ndani ya kamba iliyozungushiwa ujenzi.

Kwa hiyo hutazama nikiwa barabarani. Kuta zinapanda vizuri. Nyaga amerudia timazi ile ya kwanza, nzito kama dhambi, na anaibeba kwenye koti lilelile, ambalo mke wangu alilitia mfuko wa kitambaa cha jinzi, akashona mara mbili. Kushona kwenyewe kulimalizika kabla chai haijachemka.