Umepima, Pambizo?

Ukimpa karatasi yoyote, hata iwe risiti ya dukani, kwanza anaangalia kingo zake. Anaangalia nafasi nyeupe iliyoachwa juu, chini, kulia na kushoto, halafu ndipo anasoma kilichoandikwa. Ndiyo maana kwenye karakana ya kushona ya dada yake walimpachika jina la Pambizo, na jina likamganda mpaka dada mwenyewe akaacha kumwita lile alilopewa na wazazi.

Pambizo alikuwa fundi wa programu za kompyuta. Mafundi cherehani walimtania kwamba ni fundi wa hewa, maana hakuna aliyewahi kukishika alichokishona. Lakini kazi yake ilikuwa ya ajabu ukiitazama kwa makini. Unaiandikia programu vipimo vya mtu, kifua, kiuno, urefu wa mkono, nayo inachora vipande vyote vya nguo: mbele, nyuma, mikono, kola. Kisha inavigawa kwenye karatasi za kawaida, printa inazitema moja moja, watu wanazigandisha kwa gundi ukingo kwa ukingo, na mwisho mchoro mzima unatandazwa mezani, mkubwa kuliko mtu. Unauweka juu ya kitambaa, unapitisha chaki, unakata.

Aliitengeneza akiwa bado kijana mwenye ndevu za kuhesabu, kwenye meza ya kulia chakula ya mama yao, dada yake kasimama nyuma na tepu shingoni akimwambia, "Hapo kwapani umebana, binadamu ana kwapa bwana!" Ukafika wakati karakana nyingi mjini zikawa zinaitumia. Halafu zikaja programu za kwenye simu, zenye rangi na picha za wanamitindo, wateja wake wakayeyuka, wengine bila hata kuaga. Akabaki dada peke yake. Pambizo hakupenda kulitamka jambo hilo, ila kila asubuhi akifumbua macho alilikuta limeshaamka kabla yake: siku dada naye akiiacha programu, yeye si fundi wa kitu chochote tena.

Shida ilianza pale printa ya karakana ilipokufa na kuletwa mpya.

Kabla ya kuchapa chochote, kuna dirisha dogo linalofunguka kukuuliza mambo ya ukurasa: karatasi ni ya ukubwa gani, imelala au imesimama, uache nafasi kiasi gani pembeni. Dirisha hilo Pambizo alikuwa amelitengeneza kwa mikono yake, zamani hizo. Printa mpya haikutaka hata kulisikia. Ukigusa tu sehemu ya kuchagua karatasi, programu nzima inazimika ghafla kama mtu aliyekukatia simu. Alilihangaikia mpaka macho yakawa mekundu. Akirekebisha huku, linabomoka kule. Kanuni alizoziandika ujanani hakuzielewa tena, na hilo lilimuuma kuliko printa yenyewe.

Na lilimkuta wakati mbaya kuliko wakati wowote. Dada alikuwa amepata kazi ya kushona sare za wauguzi wa hospitali kubwa. Kitambaa cha buluu iliyofifia kilitiwa rangi kiwandani kwa ajili yao tu, majora yakapangwa ukutani mpaka karibu na dari. Mafundi waliokuwa wamekaa muda mrefu wakibadilisha zipu na kupunguza suruali za watu walianza tena kuimba wakiwa kazini. Ikienda vizuri, hospitali ingerudi. Ikiharibika, karakana ingefungwa, na dada hakulificha.

"Mdogo wangu," alimwambia Pambizo, "hii ndiyo pumzi yetu. Nataka michoro kesho. Ukishindwa niambie leo, nichore kwa mkono."

"Nishindwe mimi?"

"Nimekuuliza tu. Usinitolee macho."

Basi akaingia mtandaoni, akatafuta dirisha la kununua. Kumbe wapo watu, sijui nchi gani huko, wanaotengeneza madirisha kama hayo tayari, unachukua moja ukalipachika kwenye programu yako jinsi unavyopachika kitasa cha kununua kwenye mlango uliouchonga mwenyewe. Alilipachika shingo upande. Akalifungua nyumbani kwake, kwenye kioo chake kirefu cha kompyuta, na likatokea zuri, limenyooka, lina kila kitu: ukubwa, pambizo, mlalo. Chini kabisa lilikuwa na mstari mmoja wenye kisanduku kilichokwisha kutiwa alama ya vema, umeandikwa: punguza mchoro utoshee karatasi. Akaiondoa alama hiyo. Michoro ya nguo haipunguzwi hata kwa unywele.

Akachapa ukurasa wa kwanza. Katika kona ya kila mchoro wa namna hii huwa pana mraba mdogo. Hauna kazi kwenye nguo. Kazi yake ni kupimwa. Unaweka rula, ukikuta upana wake ni ule ulioandikwa ndani yake, basi na nguo nzima ni sahihi. Pambizo akapima. Sawasawa kabisa. Akacheka peke yake chumbani.

Asubuhi akaenda karakana kuliweka dirisha kwenye kompyuta ya pale. Halikufunguka. Ulitokea ujumbe tu kwamba kuna faili halipo. Akalitafuta, akalileta, ujumbe ukataka lingine. Mafundi wakawa wanapita nyuma yake na pasi na vikombe vya chai.

"Vipi fundi wa hewa, uzi umekatika?"

"Mwacheni, anatunga sindano."

Mama Chaki, mkataji wa karakana, ambaye vidole vyake havikuwahi kuonekana bila unga mweupe, alikuwa kaegemea meza ya kukatia mikono kifuani, anangoja. Dada alikuwa anatembea tu, anagusa majora, anarudi.

Hatimaye dirisha likafunguka. Kioo cha karakana kilikuwa kifupi, cha zamani, na dirisha lilikuwa refu, hata kitufe cha kukubali hakikuonekana, kilikuwa kimezama huko chini. Pambizo akachagua karatasi, akabonyeza Enter kwenye kibodi, na printa ikaanza kunguruma. Karakana nzima ikapiga makofi. Karatasi zikamiminika.

Mama Chaki akaokota ya kwanza, akanyoosha mkono kutafuta rula.

"Umepima?" dada akamuuliza Pambizo.

Alikuwa amepima. Usiku, nyumbani, kwenye printa yake. Watu walikuwa wanamtazama, jasho limemtoka, ametaniwa asubuhi nzima, na kusema ngoja kwanza tupime kungekuwa kama kusema hana hakika na kazi yake mwenyewe.

"Nimepima, dada."

"Mama Chaki, acha rula, gandisha. Pambizo ameshapima."

Wakagandisha. Vipande vilikubaliana vizuri, ukingo kwa ukingo, mstari kwa mstari. Hapo ndipo penye balaa la jambo hili, ukilifikiria unaweza kupiga kelele: kila kitu kikipungua kwa kiasi kilekile, hakuna kinachogombana na mwenzake. Mkono unaingia kwenye kwapa, kola inakaa shingoni. Mama Chaki akatandaza kitambaa tabaka juu ya tabaka, akawasha mashine ya kukatia, na buluu ile ikaanza kuanguka vipande vipande, siku ile na siku iliyofuata.

Muuguzi aliyetumwa kujaribu sare ya kwanza alikuja amevaa viatu vya kazini, mchangamfu, akaingia nyuma ya pazia akiimba. Wimbo ukanyamaza. Akatoka na gauni limefungwa vifungo vya juu tu.

"Jamani, nimenenepa tangu mnipime?"

Dada akacheka kidogo. Akapitisha vidole pale kifuani ambapo nguo iligoma kukutana. Akaacha kucheka. Akavuta tepu shingoni mwake, akapima mgongo, akapima mkono. Kisha akaenda mezani, akachukua rula mwenyewe, akaiweka juu ya ule mraba mdogo kwenye mchoro. Akaiangalia. Akaigeuza rula, akapima tena, utadhani kosa ni la rula.

"Niitieni Pambizo," alisema.

Alipofika hakuna aliyemtania. Hilo ndilo lililomtisha kwanza. Cherehani zilikuwa kimya, na vipande vya buluu vilikuwa vimepangwa juu ya benchi zote, vingine vimeshaanza kushonwa. Dada akampa rula. Pambizo akapima: mraba ulikuwa pungufu.

Akakaa mbele ya kompyuta. Afanye nini kingine? Akalifungua dirisha, akalifunga. Akasoma maelezo ya wale waliolitengeneza, akawaandikia, ikarudi barua ya papo hapo inayomshukuru kwa kuwachagua. Akalitoa, akaliweka upya. Akabadilisha karatasi, akachapa, akapima: pungufu. Akaongeza pambizo, akachapa, akapima: pungufu vilevile. Nyuma yake alisikia dada akimuuliza Mama Chaki kama mishono inaweza kuachiwa, na Mama Chaki akijibu kwa sauti ya mtu aliye msibani, "Naachia wapi, mama? Nafasi ya mshono nayo imepungua. Kitambaa kikishakatwa kimekatwa."

Ndipo akaja kulishika dirisha kwa juu, akajaribu kuliburuta. Likapanda, kichwa chake kikapotea juu ya kioo, na mkia wake ukachomoza. Kile kitufe cha kukubali. Na juu yake ule mstari: punguza mchoro utoshee karatasi. Alama ya vema imekaa pale, imetulia. Kwake aliiondoa, lakini hapa, kwenye kompyuta nyingine, dirisha lilizaliwa upya na alama yake, likaificha mahali ambapo kioo hakifiki.

Mtu aliyezoea kutafuta kosa akilipata anafurahi kabla ya kukumbuka ni kosa la nini.

"Nimelipata!" akapaza sauti.

Vichwa vyote vikageuka.

"Umepata nini?" dada aliuliza. "Kitambaa?"

Furaha ikamkauka usoni. Akaanza kueleza, kioo kifupi, dirisha refu, alama ya vema, na kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kuwa madogo. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa polepole kama anayeelewa, na pengine alielewa kweli.

"Na siku ile uliponiambia umepima?"

Pambizo akaangalia chini. "Nilipima nyumbani."

"Nyumbani."

"Ndiyo, dada."

Fundi mmoja akaguna. Mwingine akamwambia, "Shh." Dada akatoka nje na simu. Kupitia dirishani walimwona akienda na kurudi kwenye kijia, mkono kwenye kiuno, anaongea, ananyamaza, anaongea. Kiwanda hakikuwa na rangi ile tena, na hakikusema itakuwepo lini. Muuguzi mkuu alikuwa mpole sana kwenye simu, na upole wake ndio uliomaliza kila kitu: wodi mpya inafunguliwa, hawawezi kungoja, kazi itakwenda kwa washonaji wengine. Jora moja lililobaki bila kukatwa karakana inaweza kulishona, kwa kuwa kitambaa ni cha hospitali, halafu hesabu ifungwe.

Dada aliporudi aliwaambia mafundi hivyohivyo, bila kupamba. Aliwaambia wale wa benchi la nyuma wasije kesho, atawapigia. Waliinuka wakakusanya mikasi yao na leso zao.

"Dada, nimeshaiondoa ile alama," Pambizo alisema haraka. "Haitarudi tena, nimeliandika hilo ndani kabisa ya programu. Hilo jora moja tulichapie michoro sasa hivi. Pima mwenyewe. Nakuomba."

"Najua umeirekebisha."

"Basi?"

"Sitaki."

"Lakini ni sahihi, dada! Ukipima utaona."

"Mdogo wangu." Alikuwa amechoka hata hasira hakuwa nayo. "Nitapima leo, na kesho, na keshokutwa. Kila karatasi inayotoka hapo nitaipima, mpaka nife. Sasa si bora nichore?"

Akaichomoa kompyuta ukutani, kwa utaratibu, kama mtu anayetoa sahani mezani, akaisogeza kwenye kona karibu na mabaki ya vitambaa. Mahali pake akatandaza karatasi ya kaki. Karatasi ikawa inajikunja.

"Nishikie hapo."

Pambizo akarukia kona, akaibana kwa viganja vyote viwili. Dada akainama, akaweka tepu, akatia alama, akavuta mstari wa kifua kwa mkono mmoja tu bila kuuinua. Halafu kwapa. Pambizo alilijua kwapa lile. Ndilo alilofokewa kwa ajili yake kwenye meza ya mama yao, akalihesabu upya usiku kucha mpaka kompyuta ikalikunja vilevile mkono wa dada ulivyokuwa ukilikunja sasa, mbele ya macho yake. Akataka kumwambia. Akatafuta namna ya kuanza.

Dada akaliangalia jora, akaangalia karatasi, akachukua pasi baridi iliyokuwa pembeni na kuiweka juu ya kona, pale pale mikono ya mdogo wake ilipokuwa.

"Hiyo inatosha," alisema. "Sogea basi, unanizibia mwanga."

Pambizo akasogea. Mwanga bado haukutosha, akasogea tena, mpaka akajikuta yuko mlangoni. Mama Chaki alikuwa ameinama juu ya benchi akikusanya vile vipande vya buluu na kuvitia kwenye gunia, na kila alipojaza mkono alisimama kidogo, kana kwamba bado anatafuta mtu mdogo ambaye vingemtosha.