Skrini Iliyolala

Walisema mtoto wa mashimo ya dhahabu ya Tiira hataiweza kompyuta. Leo nina diploma, na mimi ndiye ninayewafundisha wanaoanza. Juzi skrini ilizimika, mama mmoja mchimbaji akaruka kutoka kitini, nami nikaikumbuka alasiri moja shuleni, nilipokuwa bado mwanafunzi.

Chumba kilinuka vumbi na plastiki yenye joto. Skrini yangu ikaingia giza. Shimoni, taa ya mafuta ikizimika ujue hewa imeisha, unakimbia. Nikapiga kelele, "Tokeni! Tutakufa!" Darasa zima likatoka mbio.

Mwalimu peke yake alibaki ndani. Nililia, nikijua amekufa.

Akachungulia dirishani. "We mtoto wa Tiira, rudi! Imelala tu. Gusa kitufe chochote."

Nilirudi ndani, nikagusa kimoja. Ikaamka.

Mama yule sikumcheka. Nilimfungulia mlango kwanza, apumue, kisha nikamwonyesha kitufe.