Kitambaa chekundu nimekiacha nyumbani

Leo nimemtoa beki wangu uwanjani kwa kosa langu mwenyewe.

Neema, beki huyo wa timu yetu ya Bweri, ni kiziwi, hasikii. Kila nikipiga filimbi, napungaga na kitambaa chekundu ili aone.

Leo nimekisahau.

Nikapiga filimbi. Wote wakasimama, yeye akaendelea, akamgonga mwenzake.

Nikamfokea mbele ya watu, namwonyesha nje. "Toka! Huna adabu!"

Akaniangalia mkononi. Hakuna kitambaa. Akavua jezi ya timu, akanitundikia begani, akaondoka.

Mama Rhobi, golikipa wetu, akanisogelea: "Kochi, ulitaka akusikie na nini?"

Jamani.

Sasa niko kwake. Nimebisha mlango weee, ndipo nikakumbuka hasikii.

Napunga jezi dirishani. Pazia limesogea.

Niombeeni.