Taratibu na Lenzi ya Hamsini

Pale kwenye kiwanda cha mikate walimwita Taratibu, naye aliitika kana kwamba ndilo jina alilopewa na mama yake. Halikutokana na uvivu. Alikuwa mtu wa tanuri, na mikono yake ilikuwa myepesi kuliko ya wote: trei inaingia, trei inatoka, jicho moja kwenye rangi ya ganda na jingine kwenye moto. Uzito wake ulikuwa kwenye ulimi. Tangu utotoni alikuwa na kigugumizi, na ziko herufi zilizoweza kumsimamisha katikati ya sentensi huku watu wakiangalia viatu vyao.

Kama angependa kufuga njiwa au kusuka mikeka, pengine maisha yangemwendea rahisi. Lakini alipenda kamera, na katika herufi zote duniani, hakuna iliyomtesa kama K.

Mapenzi hayo yalianzia kazini. Chumba cha kukandia unga kina dirisha moja tu, dogo, juu karibu na dari. Asubuhi jua likipanda, mwanga hupenya pale na kukutana na vumbi la unga, ukasimama mshazari kama ubao kutoka dirishani hadi sakafuni. Wakandaji hupita ndani ya mwanga huo bila kujali, mikono yao ikiwaka hadi viwikoni, kisha wanazama tena kwenye kivuli. Taratibu aliutazama kwa miaka mingi. Alipojaribu kuupiga picha kwa simu, alipata kitu kama uji uliomwagika.

Bintiye, ambaye alikuwa chuoni, alimweleza kwamba jicho la simu ni dogo mno kwa mahali pa giza kama pale. Baba anahitaji kamera kubwa, zile wanazoziita DSLR, zenye lenzi ya kuvua na kuvisha. Basi mchana, baba akishatoka kazini na binti akishatoka darasani, walikaa kwenye kochi wakitazama video za mafundi na wapiga picha. Taratibu alisikiliza kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Alielewa kwamba kwa mtu wa kujifurahisha hakuna haja ya mwili mpya wa kamera, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Uliotumika miaka michache na kutunzwa unatosha kabisa. Fedha ikiwa ndogo, iende kwenye lenzi. Na kwa mahali penye mwanga mdogo, lenzi inayofaa ni ile yenye tundu pana la kupitishia mwanga. Ipo moja fupi, nyepesi, ya milimita hamsini, ambayo haivuti mbali wala karibu, lakini tundu lake ni pana na bei yake ni ya chini kuliko karibu zote.

Akakata shauri: mwili uliotumika na lenzi ya hamsini, basi.

Mkewe alikuwa mapokezi katika zahanati, mwanamke mwepesi wa maneno, aliyezoea kuwaambia wagonjwa wanaumwa wapi kabla hawajaketi. Alipendekeza waende wote. Binti naye akasema anaweza kwenda yeye peke yake, ni dakika tano tu. Taratibu akatikisa kichwa. Kitu chake mwenyewe, alisema, atakinunua kwa mdomo wake mwenyewe.

Duka lilikuwa limebanwa kati ya saluni na mahali pa kutoa nakala. Kamera zilipangwa kwenye makabati ya vioo, na nyuma kabisa, penye taa ya meza, fundi mmoja wa kike alikuwa ameinamia kamera iliyofunguliwa matumbo. Muuzaji alikuwa bwana mchangamfu wa tai ya njano, na wateja wawili walikuwa tayari wamejipanga nyuma ya Taratibu.

"Na... nataka ka..."

"Kamera," muuzaji alimsaidia. "Umefika penyewe, mzee wangu."

"Ya ku... kupigia mahali pe... pe..."

"Mahali pengi! Nimekuelewa. Leo harusini, kesho mbugani, keshokutwa uwanja wa mpira."

Taratibu alitaka kusema penye mwanga mdogo. Akameza mate, akaanza upya kwa upande wa lenzi.

"Na lenzi ya ha... ha..."

"Hata mbali ivute! Ninayo."

Lenzi iliyowekwa juu ya kaunta ilikuwa na urefu wa mkono wa mtoto. Ilivuta kutoka milimita sabini hadi mia tatu, na ilikuja na mwili mpya ndani ya boksi linalong'aa. Muuzaji akaeleza, akazungusha, akamvisha mkanda shingoni, yote kwa ukarimu wa kweli. Taratibu alifungua kinywa mara mbili. Nyuma yake mtu alikohoa. Akatoa pochi, akahesabu noti, na akiba yote ikaishia pale. Alitoka dukani na mfuko mzito, jasho likimtoka kama yuko mbele ya tanuri.

Nyumbani binti aliitoa ile lenzi kwenye boksi, akaiangalia, akamwangalia baba yake.

"Baba, hii si ile."

Taratibu akaanza kuukunja mfuko wa duka. Mkewe, akitaka kuiondoa ile hali, aliichukua kamera akaenda nayo dirishani, akaelekeza kwenye mapaa ya mtaa wa pili. Akatangaza kwamba kuanzia leo hakuna siri tena mtaani, anaona soksi zilizoanikwa na anaona kwamba moja imetoboka. Wote watatu walicheka, Taratibu naye. Lakini alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Kesho yake aliibeba kazini. Ubao wa mwanga ulipotokea, alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta, maana lenzi ile ilitaka nafasi kubwa, na bado alipata kipande cha sikio la mkandaji. Tundu lake lilikuwa jembamba, mwanga haukuingia wa kutosha, na kila aliyesogea alitoka kama moshi. Mkandaji mkuu, mama mmoja mwenye mabega mapana ambaye wote walimwita Shangazi, aliomba kuona. Akaitazama picha yake kwa muda.

"Hapa nimeshakufa," alisema. "Nizike vizuri."

Kiwanda kizima kilivunjika mbavu. Taratibu alirudi kwenye tanuri lake. Kilichomuuma hakikuwa picha. Alijua alichotaka, alikijua vizuri kuliko kitu chochote alichowahi kununua, halafu akabebeshwa cha mtu mwingine kwa sababu hakungojwa amalize sentensi mbili.

Mkewe alisema jioni ile kwamba ataomba ruhusa zahanati, aende akazungumze na yule muuzaji. Angeyamaliza kabla chai haijapoa. Taratibu akamshukuru, akakataa. Mchana uliofuata alirudisha kila kitu kwenye boksi lake, hata vile vimfuko vya plastiki, akapiga moyo konde akaenda.

Muuzaji alimkumbuka. "Mzee wangu! Umekuja kuongeza..."

Taratibu aliinua kiganja, si kwa hasira, ni kama mtu anayesimamisha gari apite na mzigo.

"Na... naomba uningoje," alisema. "Nitamaliza. Ni... ninachelewa tu."

Muuzaji akafunga mdomo. Siku hiyo pia kulikuwa na mteja nyuma, lakini Taratibu hakugeuka kumtazama. Alianza. Alisema anafanya kazi ya tanuri, na kwamba anataka kupiga picha za watu ndani ya chumba chenye dirisha moja. Alisema anataka mwili uliotumika. Kwenye hamsini alikwama kama gari kwenye matope, akarudi nyuma, akajaribu tena, akakwama tena, na muuzaji masikio yakamwiva kwa kujizuia. Hatimaye neno likatoka, zima, na lile la tundu pana likafuata bila taabu.

Muuzaji akalisogeza boksi pembeni.

"Mimi nilidhani nakusaidia," muuzaji alisema.

"Na... najua," Taratibu akamjibu.

Fundi wa kike aliondoka kwenye meza yake, akaja na miili miwili ya kamera zilizotumika na lenzi mbili fupi. Hakuwa na haraka. Alimuuliza swali, akangoja jibu huku akifuta kioo kwa kitambaa, kana kwamba kungoja ni sehemu ya kazi ya kufuta. Mwili mmoja ulikuwa msafi wa kutamanisha, lakini ulikuwa umeshapiga picha nyingi mno na kifuniko chake cha ndani, kile kinachofunguka na kufunga kila picha, kilikuwa kinachoka. Wa pili raba ya mahali pa kushikia ilikuwa imelika, ila ndani ulikuwa mzima. Kisha akaziweka lenzi mbele ya tochi, moja baada ya nyingine, akampa Taratibu achungulie. Ya kwanza, ile ya bei nafuu zaidi, ilikuwa na nyuzi nyuzi ndani kama utando wa buibui.

"Ukungu," alisema fundi. "Leo mdogo. Mwakani utakuwa umekula kioo."

Taratibu akachukua ile safi na ule mwili uliolika raba. Duka likakubali kupokea vile vya kwanza kwa hasara ndogo, na kilichobaki kikatosha kwa betri ya akiba na mfuko wa kubebea. Muuzaji alimfungashia mwenyewe, bila kusema neno hata moja, na kwa namna alivyokaza midomo ilionekana kazi hiyo imemchosha kuliko kuuza duka zima.

Lenzi ya hamsini ilikuwa na masharti yake. Haikuvuta, ukitaka mtu awe karibu, unasogea wewe. Na huwezi kumsogelea mtu usoni na kamera bila kumwomba. Kwa hiyo Taratibu, aliyeweza kupitisha zamu nzima kwa kuitikia kwa kichwa, alilazimika kuomba: kwa Shangazi, kwa mpima unga, kwa dereva wa gari la kusambaza mikate. Ombi lilichukua muda, nao walimngoja. Mikono ilikuwa kwenye donge la unga, hakuna aliyekuwa na safari, na dereva alizima gari. Siku chache za kwanza zilikwenda mrama, picha zikilenga vifungo badala ya macho. Halafu asubuhi moja Shangazi aliinua donge kubwa juu ya meza, mwanga ukamkata begani, vumbi likasimama pembeni ya uso wake, na Taratibu akabofya.

Mkewe aliiona picha hiyo kwenye kompyuta ya binti. Aliisogelea skrini mpaka pua ikakaribia kioo, kisha akataka na yeye apigwe.

Wakachagua siku ya mapumziko. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha la sebuleni, amevaa gauni lake la kijani. Taratibu alisogea, akarudi, akasogea tena. Akashusha kamera.

"Kuna ja... ja..."

"Jambo," mkewe akasema. "Nimekaa vibaya. Nigeukie huku?"

"Hapana. Kuna jambo na... nataka kusema. Usinimalizie."

Mkewe akamtazama.

"Miaka yote hii nilikuwa nakusaidia," alisema polepole.

"Najua. Na mara nyingi unapatia." Akapumua, akalitafuta neno, akalipata. "Ila hata uki... ukipatia, maneno yanakuwa ya kwako."

Alitegemea mkewe angekasirika, na kweli kitu kama hasira kilipita usoni mwake. Kikafuatwa na kingine ambacho Taratibu hakukijua jina. Mkewe aliweka mikono mapajani akabaki akimwangalia, na Taratibu akainua kamera kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Picha ile iko ukutani kwao hadi leo. Mkewe hacheki ndani yake wala hajanuna. Ni sura ya mtu anayesikiliza. Majirani wakija huuliza ni dada yake yupi, kwani huyu wa kwao hawajawahi kumwona amefunga mdomo.

Si kwamba mambo yalibadilika siku hiyo moja. Mkewe husahau, humalizia, kisha hujiuma mdomo na kusema rudia. Mara nyingine Taratibu mwenyewe anakuwa amechoka na anamwachia amalize. Chakula cha jioni huchukua muda mrefu zaidi siku hizi, na binti hulalamika kwamba ana mitihani.

Hivi sasa kuna suala la lenzi ya pili. Taratibu anataka lenzi pana, iingize chumba chote cha kukandia, na dirisha, na ubao wote wa mwanga. Fundi wa pale dukani ameshamwekea moja pembeni, iliyotumika, isiyo na ukungu. Mkewe anasema mapazia ndiyo ya kwanza. Mjadala ulianza juzi baada ya chakula na bado haujakwisha, maana Taratibu ana hoja kadhaa na anazitoa moja moja. Mkewe ameshika tama, chai yake imepoa mezani, anangoja afike kwenye ya tatu.