Mzee Stoo na Rafu za Viraka

Mtu aliyekaa miaka thelathini na moja kwenye stoo ya vipuri hastaafu kwa siku moja. Mwili unarudi nyumbani, lakini macho yanabaki yakitafuta kitu kilichokaa vibaya. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mzee Stoo, kama majirani walivyomwita, tangu siku alipokabidhi funguo za kiwanda na kuanza kushinda nyumbani na mkewe.

Wiki ya kwanza alipanga vijiko kwa urefu. Ya pili akapanga viatu vya nyumba nzima, vya kushoto upande wake na vya kulia upande wake, mkewe akachelewa msibani akitafuta pacha wa kiatu. Ya tatu alifukuzwa jikoni, akaonyeshwa kiti cha barazani, na huko akaanza kuwapanga wapita njia. "Yule kachelewa leo," alikuwa akimwambia mkewe kupitia dirisha. "Jana saa hizi alikuwa keshapita." Cherehani ya mkewe ndiyo iliyomjibu.

Mkewe huyo alikuwa fundi wa mablanketi ya viraka. Alichukua vitambaa, akavikata miraba, akaiunga, akatia pamba katikati na bitana chini, na blanketi likitoka hapo ungedhani rangi zile zimezaliwa tumbo moja. Ila chumba chake cha kushonea kilikuwa balaa. Magunia saba ya vitambaa, maboksi matatu, ndoo mbili, na beseni ambalo watoto walilitafuta mpaka wakaoa na kuolewa. Akitaka kipande chekundu, alizamisha mkono guniani hadi begani, akafumba macho kama mtu anayemzalisha ng'ombe, na la ajabu, alitoka na chekundu.

Mzee alilitazama jambo hilo kutoka mlangoni kwa miezi miwili, na lilimuuma. Usicheke, wapo wanaoumizwa na madogo kuliko hayo.

"Mama watoto," akasema asubuhi moja, "niruhusu niweke rafu humo, nikupangie."

"Kama ulivyonipangia viatu?"

"Vile vilikuwa viatu. Hii ni mali. Na mali bila daftari hupotea bila habari."

Mkewe aliyatazama magunia, kisha akamtazama mzee mwenyewe, jinsi alivyosimama na mikono yake isiyo na kazi. Akamhurumia, ingawa hakutaka ajue.

"Wiki moja," akasema. "Ukiniharibia kitambaa hata kimoja, unarudi barazani, na humu hukanyagi tena mpaka tunazikwa."

Siku hiyo Mzee Stoo alikula sahani mbili.

Seremala akaleta rafu tano, ukuta mzima. Mzee akafua, akaanika, akapiga pasi. Kila kitambaa alikikunja juu ya kipande cha kadibodi, vyote kwa kipimo kimoja, migongo ikitazama nje kama vitabu. Vyekundu rafu ya juu, vya manjano chini yake, kisha kijani, kisha bluu, na vyeupe chini kabisa. Vipande vidogo akavitia kwenye chupa za kioo ili vionekane. Dirishani akatundika pazia zito, maana jua hula rangi. Kisha, katika kila rangi, akaweka sheria ya stoo aliyoishi nayo maisha yake yote ya kazi: kilichotangulia kuingia ndicho kinachotangulia kutoka. Kwa hiyo vikuukuu mbele, vipya nyuma, na kila kitambaa alikiulizia umri.

"Hiki cha lini?"

"Mwaka jana."

"Na hiki?"

"Baba watoto, ni kitambaa hicho, hakiombi pasipoti."

Jumatano, chini kabisa ya gunia la saba, akakuta foronya iliyofungwa fundo. Ndani yake palikuwa na kitambaa cha kijani chenye maua meupe, laini kwa kufuliwa mara nyingi.

"Na hiki cha kijani, kilichokuwa kwenye foronya?"

Mkewe alikuwa katikati ya mshono mrefu, hakugeuka. "Hicho ndicho cha zamani kuliko vyote."

Mkewe aliona ameshasema yote, kwa kuwa kitu cha zamani hivyo hakiguswi. Mzee naye aliona ameshaambiwa yote, akakiweka mbele kabisa.

Ijumaa kazi ikaisha. Mkewe akasimama mbele ya rafu, akavuta kitambaa cha manjano kwa vidole viwili, akakirudisha. "Mh," akasema. Katika nyumba ile, "mh" ya mama huyo ilikuwa nishani.

Jumamosi asubuhi akaja jirani mbio mbio. Binti yake amejifungua, anataka blanketi la mtoto kesho mchana. Mkewe akakaa kwenye cherehani, na bila hata kugeuka akasema maneno ambayo mzee hakuyatarajia: "Nikatie miraba ya kijani, inchi sita kwa sita, ishirini na minne. Mkono wako umenyooka."

Kukata! Mzee akanawa mikono kama daktari wa upasuaji. Akachukua cha mbele kwenye rafu ya kijani, akapima, akachora kwa chaki, akakata. Alikuwa amefika mraba wa kumi na mbili mkewe aliponyoosha mkono kuchukua wa kwanza. Cherehani ikanyamaza.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Mbele. Kilikuwa cha kwanza kwenye foleni."

"Hili ni gauni la mama."

Mama mkwe wake alikuwa amefariki miaka tisa nyuma. Mzee alilijua gauni lile. Bibi yule alikuja nalo kila mtoto alipozaliwa, mara nne, na kila mara alikaa mwezi mzima akimwogesha mjukuu. Lakini mkewe alikuwa amelifumua mishono yote, likabaki kitambaa tu, na mzee alikuwa amepima inchi bila kutazama maua.

Alitaka kueleza sheria ya stoo. Akaona aibu. Miaka thelathini na moja hakupoteza hata nati moja. "Nimekosa," akasema. Akaweka mkasi mezani, akaenda mwenyewe barazani bila kufukuzwa. Wapita njia wakapita, na hakujali nani kachelewa.

Jua lilikuwa limefika kwenye vidole vyake vya miguu mkewe alipoita dirishani. "Njoo humu."

Macho ya mkewe yalikuwa mekundu. Miraba kumi na miwili ilikuwa imepangwa mezani.

"Bado nimekasirika, usidhani nimemaliza."

"Sawa."

"Miaka tisa nakitoa, nakinusa, nakirudisha. Mkasi ulinishinda." Akapitisha kidole kwenye ukingo wa mraba mmoja. "Na wewe umekata vizuri, ndilo linaloniudhi zaidi. Jirani nimempatia kijani kingine. Hiki kitakuwa blanketi la kitanda chetu. Nitafutie bluu ya kwenda nacho, iliyochoka kama hiki."

Mzee akapita na kidole kwenye rafu nzima ya bluu. Zote ziling'aa mno. Kisha akaenda chumbani, godoro likasikika likiinuliwa, akarudi na koti la kazi la bluu, mfuko wa kifuani umetoboka kwa kalamu. Mkewe alidhani lilirudishwa kiwandani pamoja na funguo.

"Hili halimo kwenye daftari lako."

"Halimo."

"Kumbe stoo yako ina magendo!" Akacheka, huku machozi bado yakimtoka.

Mzee akalitandika koti mezani, akaweka mkasi juu yake. "Anzia mgongoni. Hapo ndipo palipochoka sawasawa."

"Una uhakika?"

"Kata, mama watoto, kabla akili hazijanirudia."

Akakata. Mzee akageukia rafu, akaanza kunyoosha vitambaa vyekundu vilivyokuwa vimenyooka tayari, mpaka sauti ya mkasi ilipokoma. Mkewe akavuta kiti cha pili karibu na cherehani, akaweka mraba wa kijani na wa bluu uso kwa uso, akamsogezea.

"Shika hapa," akamwambia. "Usiachie mpaka nishone."